Mlinzi Asiyesema Alichoona

Nianze kwa kukiri, maana najua kuna watakaoniuliza. Ndiyo, mimi ndiye niliyempa Nelly ile kompyuta. Mimi ndiye niliyeweka Linux ndani yake, kwa mikono yangu hii miwili. Kama kuna wa kulaumiwa kwa kompyuta ile, aje kwangu. Nipo Geita mjini, mlango wa bluu, ulizia kwa Mama Davis fundi kompyuta, hata dereva wa bodaboda mgeni atakuleta. Lakini hakuna aliyekuja kwangu. Walimwendea binti wa watu.

Nelly ni mtoto wa kaka yangu Masalu, ambaye ana duara kule Rwamgasa, yaani shimo la kuchimbia dhahabu. Binti ana miaka ishirini na minne. Mchana alikuwa anapima dhahabu sokoni, kwenye kibanda cha mnunuzi mmoja anayeitwa Mzee Donatus, na jioni alikuwa anakuja kwangu kucheza gemu. Gemu yenyewe inaitwa Dimba, ni ya mpira wa miguu. Mimi mpira siujui, lakini mtu anayejua kazi yake huonekana hata ukiwa hujui kazi yenyewe. Wanaume wenye ndevu walikuwa wanatoka Katoro kuja kufungwa na Nelly, na wanarudi Katoro wamenuna.

Chumba changu kina kompyuta nane. Zilitupwa na ofisi moja iliyofungwa, zikiwa tupu, nikazipangusa vumbi nikaziwekea Linux. Kwa asiyejua: kila kompyuta inahitaji mfumo wa kuiendesha, na wengi hapa mjini wana Windows ya kuchakachua, ile inayonakiliwa kwenye flashi kutoka kwa fundi hadi fundi. Mimi vya kuchakachua sivipendi. Linux wenyewe wanaitoa bila kuuza, na yote ilivyoandikwa iko wazi. Ukitaka kuona, unafungua unasoma. Ukiona kosa, unalirekebisha na unawarudishia wenzako. Mimi mwenyewe, Asteria wa kijiji cha Didia, niliyekulia nyuma ya ng'ombe wa baba, nimetafsiri maneno yake mengi kwa Kiswahili, na jina langu limo mle ndani, kwenye orodha ya wafasiri, pamoja na watu wa nchi ambazo sitazifikia.

Sasa gemu kama Dimba haikutengenezwa kwa ajili ya Linux. Inahitaji mkalimani, programu inayokaa katikati: gemu ikisema neno, mkalimani analigeuza mfumo uelewe, na mfumo ukijibu, anageuza tena. Ni kama marehemu mama yetu alipolazwa hospitali, yeye na Kiswahili hawajuani. Nesi aliuliza kwa Kiswahili, nikamwambia mama kwa Kisukuma, mama akajibu, nikarudisha. Mama alitibiwa. Hakuna nesi aliyeniambia nimekuja kuiba dawa.

Basi likaja Kombe la Dimba. Kampuni iliyoliandaa inaitwa Mshale Burudani, na mwakilishi wake hapa Geita alikuwa kijana mmoja jina lake Majaliwa, mpole, mwenye shati jeupe na maneno yaliyopigwa pasi. Mshindi atakwenda Dodoma kucheza na washindi wa mikoa mingine. Kila mchezaji aje na kompyuta yake. Fomu niliisoma mimi mara mbili, kwa sababu mimi ni mtu wa kusoma fomu. Hakuna mstari uliotaja mfumo gani unatakiwa.

Nelly alishinda raundi tatu. Hakuna aliyelalamika. Ikaja nusu fainali, Jumamosi, saa nane mchana, ukumbi umejaa. Mpinzani wake alikuwa Eliya, mchimbaji wa Rwamgasa, kijana mwenye kucha zilizolika kwa mwamba lakini vidole vyepesi. Asubuhi ile watu wa Mshale Burudani waliweka programu mpya kwenye kompyuta zote nne za nusu fainali. Walisema inaitwa Mlinzi, kazi yake kukamata wanaodanganya. Tukasema sawa. Mtu asiyeiba haogopi mlinzi.

Dakika ya sabini ya mchezo, Nelly akiongoza tatu kwa moja, skrini yake ikawa nyekundu yote. Ikaandika kwa herufi kubwa: UDANGANYIFU UMEGUNDULIWA. MCHEZAJI AMEFUNGIWA.

Mtu wa nyuma akapiga kelele, "Mwizi!" Na unajua watu wetu na neno hilo. Liliruka kama cheche kwenye nyasi kavu. Mmoja akasema alishangaa tangu mwanzo, mwanamke gani anafunga hivyo. Mwingine akasema ni dawa, kuna mganga amemtengenezea. Majaliwa akachukua kipaza sauti, akatangaza kwa sauti yake ya upole: "Mchezaji Nelly Masalu ameondolewa kwa udanganyifu. Mshindi ni Eliya." Eliya alisimama, akainuliwa mkono, akatazama viatu vyake.

Nilimfuata Majaliwa hapo hapo.

"Ameiba nini?" nikamuuliza.

"Mama, Mlinzi amegundua."

"Amegundua nini?"

"Huwa haelezi, mama. Ni kwa sababu za usalama."

"Usalama wa nani?"

Akatabasamu. Tabasamu lile bado linaniwasha mpaka leo. Akasema kompyuta ya Nelly ina mfumo usio wa kawaida, na pengine ndiyo sababu, lakini uamuzi ni uamuzi. Nikamwambia zile kompyuta nyingine tatu za nusu fainali zina Windows ya kuchakachua, na nilikuwa nazijua moja moja kwa sababu zote zimewahi kuletwa kwangu zikiumwa. Mlinzi wake amezipigia saluti zote, akamkamata yule mmoja asiyechakachua chochote. Majaliwa akasema hilo ni suala lingine.

Kabla jua halijazama, picha ya Nelly ilikuwa kwenye makundi ya simu ya mji mzima. Picha ile ile aliyopigwa akijiandikisha, anacheka, na chini yake: AMEFUNGIWA KWA UDANGANYIFU, na nembo ya Mshale Burudani pembeni.

Jumatatu saa nne asubuhi Nelly alisukuma mlango wangu, mkononi ana kikapu chake na chakula chake cha mchana hakijaguswa. Nikajua.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Mbona saa hizi?"

"Mzee Donatus amenipumzisha."

Akanieleza bila kulia. Mzee alimwita pembeni, kwa heshima kabisa, akamwambia: "Binti yangu, mimi kompyuta siijui. Ninaijua mizani. Anayeitwa mdanganyifu kule hawezi kushika mizani huku. Wateja watauliza. Nenda kasafishe jina lako, ukimaliza rudi." Miaka mitatu binti yule amepima dhahabu ya watu, vumbi la dhahabu jepesi kuliko unga wa ugali, na haijawahi kupungua wala kuzidi. Miaka mitatu, ikafutwa na skrini nyekundu.

Nelly akachukua kitambaa akaanza kufuta kibodi zangu, moja baada ya nyingine, zote nane. Aliyelia ni mimi. Nalia haraka nikiwa na hasira, ni tabia mbaya, na wanaume wa mtaa huu wakiona wanadhani nimeshindwa.

Siku ile ile nilikwenda kwa Majaliwa nikamwambia nataka kesi isikilizwe mbele ya watu, kama alivyotangaza mbele ya watu. Akasita. Nikamwambia asipokubali nitabeba kiti nikae mlangoni kwake mpaka fainali ipite, na nitakuwa naongea. Akakubali: Jumatano, saa tatu asubuhi, ukumbini.

Nikampigia kaka Masalu. Kaka yangu ni mtu wa maneno machache, na machache hayo aliyowahi kusema kuhusu gemu hayakuwa mazuri. Alikuwa anasema ni michezo ya watoto na Nelly ameshakuwa mkubwa. Nilijiandaa kugombana naye. Akanisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu.

"Hao wanaosema ameiba, wameshuka kuangalia?"

"Hapana, kaka."

"Basi nakuja."

Lazima nieleze alimaanisha nini. Kwenye maduara watu husingiziana sana kutoboza, yaani kuchimba chini kwa chini mpaka unaingia kwenye mwamba wa jirani. Ukikaa juu kubishana, mtauana kwa sururu. Kwa hiyo Rwamgasa wana utaratibu wao. Anayelalamika na anayelalamikiwa wanashuka wote, pamoja na mtu wa tatu asiye na upande, wanaingia duara la huyu, kisha wanaingia duara la yule, wanamulika mpaka mwisho wa njia. Wakipanda juu, wanasema walichoona. Na yeyote atakayekataa watu wasishuke kwake, huyo ndiye aliyeiba, kesi imekwisha.

Jumatano ukumbi ulijaa kuliko siku ya mchezo. Kaka alikuja na buti zake za kazi, zina tope la juzi. Alipitia sokoni akamchukua Mzee Donatus, akamkalisha safu ya pili. Eliya alikuwepo, ameitwa kama mpinzani. Majaliwa alikaa mezani na fundi wa kampuni yake, Athanas, kijana mwembamba mwenye miwani, ambaye tangu asubuhi alikuwa haniangalii usoni.

Niliiweka kompyuta ya Nelly mezani, nikaunganisha na skrini kubwa ili kila mtu aone. Nikasema, "Hili ndilo duara letu. Fundi, shuka."

Athanas alishuka kweli, nampa haki yake. Alikaa karibu saa nzima. Alifungua kila faili aliyotaka, akaangalia kila programu, akaangalia mkalimani, akaisoma Dimba yenyewe kuona kama imeguswa. Alipouliza neno la siri nilimpa. Watu walianza kupiga miayo, na mimi sikupiga. Mwishoni akavua miwani, akaifuta.

"Sijaona kitu," akasema. "Gemu ni safi. Hakuna programu ya kudanganya."

Hapo nikaharibu mwenyewe. Furaha ilinipanda, nikataka waone kwamba mfumo huu si uchawi, kwamba hata sisi tumo ndani yake. Nikafungua orodha ya wafasiri, nikawaonyesha jina langu pale kwenye skrini kubwa: Asteria, Geita. Watu wakashangaa, wengine wakapiga makofi. Nikavimba kichwa.

Majaliwa akaegemea mbele. "Kwa hiyo mama unakiri kwamba mfumo huu umewahi kuubadilisha?"

"Nimetafsiri maneno! Nimeandika 'Hifadhi', nimeandika 'Funga dirisha'!"

"Lakini uliingiza mkono ndani yake."

"Niliingiza Kiswahili ndani yake!"

"Naomba iandikwe," akamwambia Athanas, "kwamba fundi wa kompyuta hii amekiri kuubadilisha mfumo."

Ndugu msomaji, nimeshawahi kuvunjiwa duka. Nimeshawahi kuuziwa betri iliyojaa mchanga. Sijawahi kukasirika kama dakika ile. Kazi niliyoifanya jioni zangu kwa mapenzi tu, bila mtu kunilipa wala kunituma, ili mtoto wa Didia afungue kompyuta akute lugha anayoifahamu, ndiyo ikageuzwa kamba ya kumfungia mtoto wangu. Nilishika kibodi nikaiinua juu. Nelly akaniwekea mkono begani, akasema polepole, "Shangazi, iweke chini." Nikaiweka.

Kaka Masalu akasimama.

"Mwangaluka," akawasalimu watu kwa Kisukuma, na ukumbi mzima ukaitikia. Halafu akamgeukia Majaliwa. "Mwanangu, kwetu mmeshuka. Mmemulika, hamkuona kitu. Sasa twende tukashuke kwenu. Tufungulie huyo Mlinzi, naye tumuone ndani."

"Hilo haliwezekani, mzee. Mlinzi ni siri ya watengenezaji. Hata mimi siruhusiwi kumfungua."

"Hata wewe?"

"Hata mimi."

"Kwa hiyo yeye ameona, lakini hasemi alichoona, na hatuwezi kwenda kuangalia pale alipoonea." Kaka akakuna shavu. "Huku kwetu anayekataa watu wasishuke kwake, tunajua pa kumweka."

Ukumbi ulivuma. Wachimbaji waliokuwemo walianza kugonga viti. Na mimi nikasema kwa sauti, kwa sababu mtu lazima aliseme: "Aliyefungua kila mlango anaitwa mwizi, na aliyejifungia ndani ndiye hakimu! Kesi ya nyani mmempelekea ngedere!"

Majaliwa akagonga meza, akataka kufunga kikao. Ndipo Athanas, yule asiyeniangalia usoni, akainua mkono kama mwanafunzi.

"Kuna kitu tunaweza kujaribu," akasema. "Tuna kompyuta ya akiba, ni mpya, haijaguswa na mtu wa hapa. Niweke Linux mimi mwenyewe. Niweke mkalimani na Dimba, niweke Mlinzi. Mchezo ukianza, mtu yeyote asiguse. Tuone Mlinzi atasema nini."

Majaliwa akamtazama kwa jicho ambalo siku nyingine lingemnyamazisha. Lakini mbele yake walikuwa watu zaidi ya mia, na wachimbaji hawakuwa wamekuja kutafuta adabu. Akasema, "Haya."

Ilichukua muda. Athanas alifanya kila kitu mbele yetu, kwenye skrini kubwa. Akafungua mchezo, timu mbili zikasimama uwanjani. Akaweka padi ya kuchezea mezani, akanyanyuka, akakisukuma kiti nyuma, akasogea mpaka ukutani na mikono yake juu. Kiti kikabaki peke yake. Kwenye skrini, vijana wa Nelly, maana Athanas alichagua timu yake ile ile, walisimama wamening'iniza mikono, na wapinzani wakawapitia wakafunga. Wakafunga tena. Sijawahi kuona timu iliyoonewa namna ile. Tulikuwa tumefungwa sita bila ilipofika dakika ya sabini.

Skrini ikawa nyekundu. UDANGANYIFU UMEGUNDULIWA. MCHEZAJI AMEFUNGIWA.

Halafu mtu akasema, "Kiti kimeiba!" na ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Watu walishikana mabega. Mmoja alikwenda akakipekua kile kiti, akakigeuza juu chini, akauliza kama kina mganga. Hata Mzee Donatus alicheka mpaka akatoa leso. Mimi sikucheka. Nelly naye hakucheka. Alikuwa anaitazama ile skrini nyekundu ambayo siku nne zilizopita iliandikwa kwa ajili yake.

Nilidhani yamekwisha. Mjinga mimi. Majaliwa alitoka nje akapiga simu, akarudi na karatasi imeshachapwa, na hilo ndilo linaloniambia ilikuwa tayari tangu asubuhi. Akasema uongozi umetumia busara. Nelly atarejeshwa, nusu fainali itarudiwa Ijumaa kwenye kompyuta ya kampuni, na akishinda njia ya Dodoma iko wazi. Anachotakiwa ni kusaini tu.

Nelly akaisoma. Akaisoma tena. Kisha akaisoma kwa sauti ili tusikie: "Mimi Nelly Masalu nakiri kwamba nilitumia mfumo usioidhinishwa, kinyume cha uungwana wa mashindano, na ninaomba radhi kwa waandaaji na washiriki wote."

"Kaka Majaliwa," akasema, "na lile tangazo lenye picha yangu mtalifuta?"

"Karatasi hii itabandikwa, dada. Watu watajua suala limekwisha."

"Watajua nimeomba radhi."

"Ni utaratibu tu."

"Kiti nacho mtakiandikia barua kiombe radhi?"

Watu wakaanza kucheka tena, akawanyamazisha kwa mkono. Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Mimi napima dhahabu ya watu," akasema. "Mtu ametoka shimoni siku tatu, ananipa alichopata kwenye kipande cha karatasi, na ananiamini. Nikisaini hapa, nitamwambia nini? Naipenda Dodoma. Tangu Januari naiota. Lakini sisaini."

Akairudisha karatasi mezani, akaisukuma taratibu mpaka ikafika kwenye mkono wa shati jeupe.

Nikamgeukia Eliya. Nikamuuliza mbele ya wote, "Wewe ulikaa naye mita moja. Sema. Alikuibia goli hata moja?"

Akanitazama, akatazama viatu. "Mama, mimi mchezaji tu. Waamuzi wapo."

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, ndivyo tulivyofundishwa. Hata hicho kipande cha haki kijana yule hakukitoa, na alikuwa nacho mfukoni. Nilimwambia kitu ambacho sitakiandika hapa.

Tukatoka. Nje, kwenye jua, Mzee Donatus akamshika Nelly mkono. Akamwambia amekiona kiti kwa macho yake, yeye ameridhika, arudi kazini kesho. Nikaanza kumshukuru. Akainua kidole.

"Lakini wateja hawakukiona kiti," akasema. "Wameona picha tu. Utakaa kibandani, utaandika majina. Mizani nitashika mwenyewe mpaka maneno yapoe."

"Yatapoa lini, mzee?" akauliza Nelly.

"Maneno ni maneno, binti yangu. Yatapoa."

Kaka Masalu alivaa kofia yake. Alimwambia binti yake jambo fupi kwa Kisukuma, kwamba siku akitaka kushuka dhidi ya mtu yeyote, amwite. Kisha akapanda pikipiki akarudi kwenye shimo lake. Tangazo lenye picha halijafutwa mpaka leo ninapoandika. Unaweza kulitafuta.

Kesho yake, Alhamisi, nilikwenda sokoni kugombana na Mzee Donatus. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Nikamkuta Nelly kwenye kibenchi cha pembeni na daftari la majina, na mzee nyuma ya mizani, miwani puani, anapima polepole kama mtu anayeshona. Wateja walikuwa watano au sita. Nilitaka kuanza, na Eliya akaingia.

Alikuwa na nguo za shimoni, kichwa cheupe kwa vumbi. Akatoa kipande cha karatasi kilichokunjwa, mwenyewe anajua kilivyomtoa jasho. Mzee akanyoosha mkono. Eliya hakumpa.

"Nataka anipimie yeye," akasema, akimwonyesha Nelly.

"Mizani leo nashika mimi."

"Basi naenda kibanda cha pili."

Mzee Donatus alimtazama, akawatazama wateja wengine, kisha akasogea. Nelly alikuja, akakaa, hakumsalimu. Akafungua karatasi, akamimina.

Lazima ujue watu wa dhahabu wanavyopimiwa. Hakuna anayetazama pengine. Mchimbaji anainamia mizani mpaka pumzi yake inatikisa namba, na mpimaji anamwambia arudi nyuma. Kaka na kaka wa tumbo moja wakipimiana, macho yapo kwenye mizani. Mke akimpimia mumewe, macho yapo kwenye mizani. Hakuna anayeona vibaya, ndiyo desturi.

Eliya aligeuka. Aligeuka mzima, akaipa mizani mgongo, akaweka mikono mfukoni, akatazama barabarani zinakopita bodaboda. Nelly aliacha kidogo mkono wake hewani, halafu akaendelea, akasubiri namba itulie.

"Gramu mbili na pointi tatu," akasema.

"Andika," akajibu Eliya, bado anatazama barabara.

Mimi sijamsamehe. Maneno aliyoyasema kwa mgongo wake Alhamisi, mdomo wake ulikuwepo Jumatano. Jumamosi alicheza ile fainali bila Nelly, akashinda, akaenda Dodoma, na sikumpigia makofi. Lakini nyuma yake pale kibandani alikuwepo mama mmoja wa makamo, anayeosha mchanga wa marudio, ule ulioachwa na wachimbaji, ambaye tangu nifike alikuwa anamtazama Nelly kwa wasiwasi. Akautazama mgongo wa yule kijana. Akaitazama mizani. Akafungua fundo la khanga yake, akampita Mzee Donatus.

"Na mimi nipimie, mwanangu," akamwambia Nelly.